Mpaka Jumamosi Saa Sita

Karatasi yako naiweka kwenye kopo la chumvi,
humo panya hawafiki.
Muhuri wa zambarau, sahihi ya Bwana Kalenga,
miezi kumi na miwili, isipokuwa mafuta machafu,
isipokuwa mkono wa fundi asiyetambulika,
isipokuwa, isipokuwa.
Leo Jumanne. Jumamosi saa sita, duka likifungwa,
utakuwa wangu peke yangu
pamoja na magonjwa yako.

Mara ya kwanza ulikata pete za pistoni, mvua za kwanza.
Mara ya pili ulitema mafuta ukutani
mbele ya wateja kumi na saba,
ukanyamaza kama mtoto aliyevunja sahani.
Kalenga alitengeneza bure mara zote mbili,
akiitazama kalenda kuliko mashine.

Ndugu zako nawajua.
Yule wa Mama Mwadi, hapa hapa Katuba,
alikufa siku ya kumi na moja baada ya garanti,
shafti vipande viwili kama muhogo mkavu.
Sasa kuku hutagia ndani yake.

"Ongeza dola mia mbili themanini," anasema Kalenga,
"nirudishie hii, uchukue ile kubwa,
shafti ya chuma kilichofuliwa,
na garanti inaanza upya."
Anasema kwa sauti ya daktari
ambaye pia anauza majeneza.

Nina mia moja na tisini.
Zamu yangu ya likelemba ni Jumapili.
Jumapili!
Nilimwendea Mama Kisimba tubadilishane;
akanionyesha mumewe kitandani, mguu juu ya mto,
nikaishia kuomba maji ya kunywa.

Basi nikuambie nilichowaza usiku ule,
hili hata padre halijui:
kama ni kufa, ufe kabla ya Jumamosi.
Nitakuua kwa kazi.

Jumatano nikashusha bei ya kila meka.
Wakaja hata wa kutoka Kamalondo,
na mahindi ya Kasumbalesa, makavu, magumu kama meno.
Nikakulisha alfajiri, nikakulisha jua la utosi,
nikakulisha hadi Kapend, kijana wangu wa kumimina,
akawa mweupe mpaka kope, akauliza:
"Mama, tunashindana na nani?"
Sikumjibu. Nilikuwa nasikiliza
ule mgongano mdogo upande wa kushoto,
ko, ko,
kama mgeni asiyetaka kuamsha nyumba.

Alhamisi, ko.
Ijumaa, ko.
Hukufa.
Ulisaga kama mtu aliyesikia anasemwa.

Sasa Jumamosi, saa tano na robo.
Nimemwaga pesa juu ya gunia, noti zina unga,
nazihesabu, nazipuliza, nazihesabu:
mia mbili hamsini na mbili, ukichanganya na faranga.
Zimepungua ishirini na nane.
Na hizo sitini na mbili za juu
hazikutoka kwa mtu yeyote ila wewe,
siku tatu za hasira yangu,
siku tatu za mwili wako.

Motari anangoja nje, miguu chini, injini inaunguruma.
Kalenga anaweza kukubali deni.
Anaweza kucheka.
Hapa ndani wanawake tisa wamekalia mabeseni yao,
hawana habari na muhuri wala zambarau,
wana watoto, na watoto wanataka bukari.
Hujawashwa tangu jana usiku. Umepoa.
Naweka kiganja pale kwenye ko-ko,
nausikiliza ukimya wako kwanza,
kama unavyomsikiliza mtu
kabla ya kumwita mwongo.

Karatasi mkono wa kushoto, imeshika chumvi.
Mkono wa kulia natia mpini kwenye tundu lake.
Bado sijazungusha.
Nje, honi, mara ya tatu.