Kaije Amefungua Kasha

Umefungua kasha, wifi yangu Kaije,
ukakuta pumba.
Ukalifunga polepole, kama aliyekosea chumba cha watu,
na tangu alfajiri husemi.
Kaa basi. Kuku wameshakula. Nikwambie.

Masika yale yalishuka Wingwi bila hodi.
Gunia nililolinunua Konde, kilo hamsini,
pumba za mahindi, mashudu, dagaa wa kusaga,
nililiegemeza ukutani kama mgonjwa wa safari,
nikasema: hapa pakavu.
Ukuta ule, wifi, ni wa udongo na chokaa;
kukinyesha nje, nao hulia ndani.

Usiku nikasikia panya.
Kru, kru, kwenye pembe ya gunia.
Nikaazima paka kwa Mgeni Faki:
paka akachambua dagaa, akalala papo hapo.
Nikatega mtego, ukanibana mimi, kidole gumba.
Nikajenga kichanja, miguu yake ndani ya makopo
yenye mafuta machafu ya pikipiki;
panya akapita juu, kwenye kamba ya nguo,
mwendo wa bi harusi, hana haraka.

Kumbe panya alikuwa mwizi wa bakuli moja tu.
Mwizi mkubwa hakuwa na meno.
Alikwisha kupanda kutoka sakafuni,
akapenya nyuzi za gunia,
akaketi katikati siku kumi na mbili
akipika joto lake.
Nilipotia mkono hadi kiwiko
mlikuwa vuguvugu kama kwapa la mtoto mwenye homa,
na madonge, na ile rangi ya kijani
ya mkate wa kumimina uliosahauliwa kabatini.
Nikapepeta. Nikaanika. Nikanusa.
Nikajiambia, pesa haitupwi.
Nikawapa.

Vifaranga thelathini na mmoja.
Kwa mkono huu, nikiwaita ti ti ti,
na wakaja mbio.

Shaame aliwafukia nyuma ya migomba.
Hakusema neno,
na mimi nilitaka aseme.

Usiku ule kila kitu kilikuwa kimevimba:
mlango haufungiki, chumvi maji, kiberiti hakiwaki.
Nikafungua kasha la mama yako kutafuta shuka,
likatoa pumzi.
Kavu, Kaije. Kavu kama koo la mfungaji saa kumi za jioni.
Msaji mzito, misumari ya shaba,
miguu minne inayoliinua na ardhi,
kifuniko kinachoshuka kwa uzito wake mwenyewe,
na kanga zimelala humo miaka ishirini
bila tundu, bila doa.

Nikazitoa moja moja.
Ile nyekundu imeandikwa NIMEKUTUNZA NITUNZE.
Nikacheka peke yangu, nikaikunja, nikaendelea.

Sasa gunia jipya hulimwaga jamvini jua likiwa kali,
kisha hungoja lipoe kivulini,
maana joto ukilifungia hutoka jasho.
Ya zamani huisha kwanza, hata punje za pembeni.
Kata ya kifuu nimeitundika msumarini,
hailali ndani, na mkono mbichi hauingii,
hata uwe mkono wa Shaame.
Panya huja bado. Huzunguka shaba,
hujaribu kufuli kwa pua, huondoka.
Konde wanasema mayai yangu yananukia udi.
Wanatania. Wananunua.

Unauliza kanga za mama, naona machoni mwako.
Hii niliyojifunga ni mojawapo.
Hukuitambua: jua limeifuta maua,
na hapa kwenye pindo kuna alama ya donda la jogoo
nililomfunga nalo mwezi wa Mfunguo Mosi.
Nyingine nimemtandikia mwanangu.
Mbili nimekuwekea wewe, zimekunjwa, zimeanikwa,
ila zitanuka dagaa kidogo, nakwambia mapema.

Haya, shika ungo huo.
Na ukilifungua tena usiliache wazi:
tazama kule Kiuyu
kulivyokuwa kweusi.