Biskuti ya Zuwena

Miaka minne hapa Hull, na nimefuzu:
kukaa dirishani, mkoba mapajani,
macho kwenye ukungu wa kioo.
Katika basi la asubuhi kila mtu amebeba kimya chake
kama bakuli la maji lililojaa pomoni,
anachelea kulimwaga.

Zuwena hajui hayo. Ana miaka mitatu na robo.
Robo usiisahau, atakukumbusha.
Jumanne ile mlezi wake aliugua,
nikapanda naye basi la Bransholme,
koti lake jekundu limefungwa vifungo upogo,
mkononi biskuti aliyokwisha kuilamba
ikawa si biskuti tena, ni udongo wa mfinyanzi.

"Shikamoo!" akamwambia dereva.
"Anasema nini?"
Anakuamkia, nikajibu.
Ningeanzia wapi, saa moja asubuhi, mvuani,
kumweleza mtu wa watu
kwamba huyu mdogo ameshika miguu yake
bila kuigusa?
"Mwambie nami pia," akasema dereva.
Nikaona haya kumsahihisha.

Tukaenda nyuma, mwanangu akigawa shikamoo
kama halua ya arusi.
Bibi mmoja wa kofia ya plastiki akauvuta mkoba wake kifuani.
Nilimwona. Siwezi kusema sikumwona.
Zuwena naye, kwa Kiingereza chake cha chekechea:
"Mkoba wako unaogopa?"
Bibi akacheka hadi meno ya bandia yakataka kutoroka.
"Unaogopa kidogo, mpenzi. Umezeeka kama mimi."
Akasogea, akatupa nafasi.

Lakini mimi nilimchelea yule wa kiti cha mwisho:
shingo imechorwa nyoka, vidole vimechubuliwa na saruji,
na viti vinavyomzunguka hubaki vitupu
hata basi likifurika.
Zuwena akamwendea moja kwa moja.
Nikamwita. Sikio la kufa halisikii dawa,
wala la miaka mitatu na robo.
Akamtazama nyoka, akamwamkia nyoka,
kisha akanyoosha mkono:
"Chukua. Nimekubakizia."

Yule mtu akaiangalia ile biskuti,
mate yake, uzi wake mwekundu wa koti,
akaipokea kwa mikono miwili
(mikono miwili! nani alimfundisha?)
akaila yote,
akitafuna polepole kama anayesoma barua.
"Zbigniew," akasema, akijigusa kifua.
"Zibigi," Zuwena akaidhinisha.

Sisemi dunia iligeuka. Jumatano
mlezi amepona, nikapanda peke yangu.
Mvua ile ile. Dereva mwingine.
Bibi wa kofia hakuwamo.
Nikajiambia: watu humpenda mtoto,
mama yake ni mzigo wa ziada.

Tulipovuka daraja
kivuli kikasimama juu yangu.
"Bosi yuko wapi?"
Kwa mlezi, nikasema.
Akatoa mfukoni kitu kilichoviringwa kwa karatasi ya jikoni,
kingali na joto la mwili wake.
"Mama yangu ameoka. Nina deni."
Akakohoa, akatazama sakafu
kama mwanafunzi aliyesahau sentensi yake mbele ya darasa,
akasema, "Shi... shikamoo."

Mimi nina thelathini na moja, yeye yapata hamsini.
Kwetu Pangani wangecheka hadi usiku:
mkubwa mzima kumwamkia mdogo!
Ningeweza kumsahihisha. Kiingereza ninacho.
"Marahaba," nikasema,
na ile bakuli yangu, niliyoibeba miaka minne,
ikamwagika yote, sikujali nani kalowa.

Niliposhuka nilifungua ile karatasi.
Biskuti sita, zimepakwa jamu katikati.
Nikala moja pale pale, mvuani, chini ya kibao cha kituo.
Jioni Zuwena atazihesabu,
ataniuliza ya sita iko wapi.