Kudhibitiwa, Darasa la Sita

Chaki ilikuwa inaniishia. Nikaandika ubaoni
dhibiti,
nikawaambia, haya, linyambueni.

Dhibitia. Dhibitiana. Dhibitika.
Wanaghani kama wanavyoghani tebo ya saba,
hadi tukafika kauli ya kutendwa,
na Somoe, dawati la nyuma, akasimama bila kuitwa:
Mwalimu, anayedhibitiwa, mwenyewe anajua?

Nikamwambia kaa.

Ni Julai, Newala. Ukungu umegoma kutoka dirishani
na harufu ya salfa imewahi darasani kabla yetu.
Kila shamba linapuliziwa.
Ubwiri unga umedhibitiwa, bwana shamba kasema redioni,
lakini sote tumeona maua yakikauka, meupe,
kwenye mikorosho ya Dadi Chinjale,
aliyekopa salfa, akakopa na mashine ya kuipulizia.
Ugonjwa haukuwa umefungulia redio.

Na soko lile la mbao, mwaka juzi:
moto umedhibitiwa, walitangaza,
tukakimbilia kuona, na kweli,
ulikuwa umedhibitiwa.
Hakikusalia cha kuungua.

Daftari la Shaweji linasema,
Polisi wamethibiti wezi.
Herufi tu, anajitetea. Herufi tu, mwanangu?
Kuthibiti ni kusimama mwenyewe, imara, ukaaminika.
Kudhibitiwa ni kusimamishwa.
Akafuta kwa kidole alichokitia mate,
akafuta, akafuta,
karatasi ikatoboka, pakawa tundu
pale walipokuwa polisi na wezi wote pamoja.

Kuna mahali nililisikia, sijawasimulia watoto.
Daktari, kijana mdogo kwa mwanangu wa kwanza,
alitazama kipimo cha mama, akatabasamu:
Sukari imedhibitiwa.
Mama akanigeukia, akaniuliza kwa Kimakonde,
kwani ilikuwa inakwenda wapi?
Tulicheka hadi kituo cha basi.

Ila nyumbani tulimwondolea chai ya sukari.
Tukamwondolea muhogo wa jioni.
Ming'oko tukampimia kwa kisahani cha kikombe,
yeye aliyekuwa akiichimba mwenyewe porini,
akirudi na udongo kwenye nyusi.
Ufunguo wa kabati niliufunga kwenye pindo la kanga yangu.
Mwezi wa tatu kipimo kilishuka
na sauti yake ikashuka,
akawa anaomba ruhusa ya kwenda uani.
Neno lilikuwa limetumika sawasawa, kwa sarufi safi.
Kiima tu ndicho kilichokosewa.

Kazi ya nyumbani: tunga ubeti, tumia neno la leo.
Somoe kaleta huu, kwenye karatasi ya kufungia vitumbua:

    Mbuzi wetu tumefunga, mtini kwa kamba ndefu
    Duara amelichonga, nyasi zake ni hafifu
    Hajui kama twachunga, aishi pasi na hofu
    Siku atakapotanga, ndipo ajue urefu

Nikahesabu kwa vidole, mara mbili.
Nane kwa nane, vina vimetulia, hakuna kilichokatika.
Neno la leo halimo.
Nilitakiwa kumkata alama.
Kalamu nyekundu ilikaa hewani
muda mrefu kuliko inavyomfaa mtumishi wa umma.

Mratibu wa elimu kata alichungulia mlangoni, hakuingia:
Mwalimu, darasa umelidhibiti?
Nikajibu, limedhibitika,
na nikajishangaa kwa ile -ka,
kauli ya jambo linalowezekana
ambalo hakuna anayekiri kulitenda.
Aliridhika. Akaandika kitu. Viatu vyake vikaenda.

Rimu ya lori ikagongwa.
Nikasema, tokeni mmoja mmoja.

Hawakutoka mmoja mmoja.
Madawati mawili yalianguka, kandambili moja ikabaki,
kelele ikavuka uwanja hadi kwenye kisima kikavu.
Ubao sikuufuta.
Jioni, mama alikuwa jikoni anapuliza moto.
Nikafungua pindo la kanga,
nikauweka ufunguo mezani karibu na mkono wake,
nikatoka nje
kuanua nguo zilizokuwa hazijakauka.