Chupa Nzima

Miaka ishirini na miwili pale hotelini, kando ya ziwa,
divai niliijua kwa masalio:
kidole kimoja chini ya bilauri,
na alama ya midomo ya mwingine ukingoni.
Niliinywa nimesimama, mgongo kwa mlango,
kabla maji ya sabuni hayajaifuta.

Leo nimestaafu. Wamenipa saa ya ukutani
na chupa hii.

Kasoki, lete bilauri za chai, hatuna nyingine.
Zima redio. Tuiache ipumue kwanza.
"Ipumue? Ina mapafu?"
Ina. Imefungwa gizani tangu mwaka tuliomzaa Muhindo;
hata wewe ungeomba dakika.

Sikiliza: humu mna zabibu tatu, nyumba moja.
Grenashi ndiye mcheshi, hufika na kapu la matunda
akakumbatia watu asiowajua.
Sira ana pilipili manga mfukoni, na moshi,
hasemi mpaka umsogelee.
Wa tatu, Murvedre, ni mjomba wa koti la ngozi:
hukaa pembeni, lakini akiondoka
mazungumzo yanalegea.
Na shamba lao, wageni walisema, ni mawe matupu,
mawe yanayotunza jua mpaka usiku.
Mawe! Kana kwamba hapa Goma
hatujajenga choo, ukuta na kaburi
juu ya moto uliopoa.

Ukaonja. Ukakunja uso.
"Inakausha ulimi kama ndizi mbichi."
Ndiyo maana hainywewi mikono mitupu, inadai chakula.
Sambaza, hapana: kwa samaki inageuka
msumari wenye kutu, nilijaribu nikajuta.
Jibini ya Masisi, lile gurudumu la njano
lililosahauliwa kabatini miezi miwili, ndiyo:
mafuta yake yanaivulisha viatu mlangoni.
Mbuzi wa makaa, ndiyo mara mbili,
pale palipoungua kidogo karibu na mfupa.
Sombe sijui.
Kwenye menyu ya bosi hapakuwa na sombe.

Ukainuka bila neno. Ukafunua sufuria
ya maharage ya jana, yale yaliyoshika chini,
ukachota kwa bugali, ukameza, ukanywa,
ukafumba macho.
Nami nikangoja kama nilivyongoja wateja,
kitambaa begani.

"Huyu mjomba wako," ukasema, "wa koti la ngozi.
Huyu amekulia jikoni kwa mama yangu."

Nikaonja. Ni kweli.
Moshi ulimtambua moshi mwenzake,
na ule ukavu ukakaa chini
kama mgeni aliyeonyeshwa kiti.
Miaka ishirini na miwili nikibeba sahani za watu
na jibu lilikuwa limegandia sufuria yetu.

Umeme ukakatika. Hatukutafuta mshumaa.
Chini ya chupa kikabaki kidole kimoja;
nikakimimina, nikasimama kwa mazoea,
mgongo kwa mlango.

"Kaa," ukasema gizani.
"Kaa chini, Baba Muhindo. Hii ni yako."