Ikiwa Mfugaji Ameleta Maziwa

Saa tano usiku, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili.
Feni inazunguka huku ikinung'unika
nami nahesabu sentensi.

Ikiwa mfugaji ameleta maziwa.
Ikiwa mfugaji kaleta maziwa.
Ikiwa maziwa yameletwa na mfugaji.
Ikiwa mteja amewasilisha bidhaa
(hii ya Shekuwe, aliyesomea Dodoma
akarudi na maneno yaliyovaa tai).

Sentensi nne, jambo moja:
mtu na ndoo yake mbele ya mizani.
Lakini chini ya kila sentensi mna msimbo wake,
na kila msimbo una bei yake ya lita,
na bei ilipopanda mwezi wa tatu
tulirekebisha mitatu.
Wa nne ukabaki na bei ya zamani,
umetulia kama kunguni mchana.

Majaribio yote yaliwaka kijani.
Semkiwa wa Pongwe akapunjwa wiki tatu.
Hakupiga kelele. Alikuja na daftari la mwanawe,
hesabu za penseli, zimefutwa zikaandikwa tena,
akaliweka juu ya kibodi yangu:
"Hii mashine yenu, inajua kusoma?"

Ndiyo maana sijalala.

Nafuta. Naacha moja:
Ikiwa mfugaji ameleta lita ngapi,
na hapo penye *ngapi* ni pengo,
weka saba, weka sabini, weka sifuri tuone.
Mji huu uliujua ujanja huo kitambo.
Waliopima Ngamiani hawakuhangaika na majina:
neno moja, barabara, kisha mwanya wa namba.
Sema ya Tano, sema ya Kumi na Tisa,
wa bodaboda haulizi, anakata kona tu.

Kufikia Ijumaa hatua mia mbili na kumi na sita
zilikuwa arobaini na moja.
Msamiati wa mtoto anayeanza kusema,
na bado ulisimulia kiwanda kizima,
ndoo, mizani, risiti, pesa kwenye simu.

Nikalewa.

Nikatunga hatua niliyoipenda kuliko zote:
Ikiwa kila kitu kiko tayari.
Nikaipachika kila mlango.
Mfugaji amesajiliwa, humo. Mizani imewashwa, humo.
Maziwa yamepimwa, hayana maji, humo humo,
nimeyatia tiki mwenyewe, kwa kidole changu,
na majaribio sabini yakapita mbio
juu ya kopo ambalo hakuna aliyelionja.

Shekuwe ndiye aliyeinama kwenye kioo,
chapati mkononi, mafuta yakidondoka:
"Hii 'tayari' yako,
imetayarishwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na aibu,
na aibu nayo ni aina ya jibu.
Nikaipasua ile hatua vipande vitatu,
kila kipande kiseme kilichobeba,
ndefu zaidi, mbaya zaidi machoni,
na majaribio kumi na mmoja yakageuka mekundu
papo hapo, kama majipu yaliyokuwa yakingoja.

Jumatatu nikamwita Semkiwa aketi nami.
Akasoma kwa sauti, polepole,
kidole kikifuata mstari kama wa madrasa:
Ikiwa mfugaji ameleta lita kumi.
Pindi mizani inaposoma kumi.
Basi alipwe lita kumi.

Akasita. Akarudi mstari wa kwanza.
"Ameleta? Nani huyu anayesema?
Mimi hapa *napeleka*. Saa kumi alfajiri napeleka.
Anayesema 'ameleta' ni yule aliyekaa."

Nilikuwa nimekaa.

Jana maneno yangekuwa manne, na misimbo minne,
na ningemwambia tutalishughulikia.
Leo ni moja.
Nikalibadilisha mbele yake, mara moja tu,
nikabonyeza, tukasubiri wote wawili,
yeye akikikazia macho kile kioo
kama anayetazama mizani ya mtu mwingine.