Kunguru wa Ganjoni

Fundi Taura hakumficha:
"Wino haufutiki, Nyamvula. Huzikwa.
Na kaburi sharti lipite maiti kwa ukubwa."

Maiti yenyewe herufi tano,
buluu iliyochujuka,
iliyochorwa Mtwapa usiku wa bia na viapo.
Alitaka waridi.
Fundi akatikisa kichwa: waridi halimezi buluu.
Basi kunguru,
yule yule mwizi wa dagaa wa Kongowea,
shingo ya kijivu, mdomo kama mkasi.

Saa nne juu ya duka la vipuri,
sindano ikivuma kama nzi chupani.
Weusi ukaanza na R,
ukatafuna A, ukateremka begani
unyoya kwa unyoya.

"Na mng'ao wa jicho? Utatia rangi gani?"
"Sitii. Mng'ao ni ngozi yako,
pale nisipogusa."

Mamake alipomwona:
"Ndege wote wa Mungu,
ukamwona huyu!"
Akacheka, akashusha mkono wa dera.

Ila kipupwe kikiingia
chini ya ubawa huwasha,
hapo hapo penye U,
naye hukuna polepole
asimwamshe ndege.