Nyota ya Mhana

Bibi yangu, aliyerudi Mudhairib na lafudhi ya Ng'ambo,
alikuwa na neno moja kwa watu wa namna ile:
"Huyu ana nyota."
Akisha kusema hivyo hurudi kuchambua tende,
kana kwamba ametaja maradhi na dawa yake.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa
wadi iliposhuka usiku ikaziba falaji kwa matope,
na mitende ikaanza kukunja makuti
kama mgeni anayekunja mkeka,
bila haraka, bila nia ya kurudi.

Tukakutana kwenye sabla.
Hamdun bin Ghusn alisimama wa kwanza.
Hamdun, aliyepima zamu zetu kwa nyota za mbinguni,
aliyejua ipi ikigusa ukuta wa ngome
maji yatoke kwa Habsiya yaende kwa Thani.
Alikuja na daftari:
paa la handaki limelegea kwenye kisima cha tatu;
tukizibua leo litastahimili siku arobaini;
tungoje mawe, yaje kwa lori kutoka Sur.
Alisema yote hayo akizitazama kurasa.
Mtu akapiga mwayo. Kahawa ikazunguka.

Kisha Mhana bin Shamis, muuza vipuri vya magari,
asiye na hata mtende mmoja,
akakunja kanzu mpaka magotini, akasema:
"Maji yako pale. Nayasikia."
Akanyamaza.
Akanyamaza muda ambao mwingine angeuogopa.
Halafu akamgeukia Suwedi, yule mwenye kigugumizi:
"Mkono wako umepona?"
Hakuna kati yetu aliyejua kwamba Suwedi ameumia.

Tukatoka na makarai.
Hata Habsiya, asiyesemezana na kaka zake
tangu kugawanywa urithi,
alileta taa, akawamulikia.
Siku sita chini ya ardhi, tukipokezana udongo,
na mimi nikiwa na nguvu
ambayo sikuwa nayo kabla, wala sijaipata tena.
Nilihisi ananiona,
hata alipokuwa amenipa mgongo.

Hapa nusu saa ya maji huitwa athari.
Hamdun alitugawia hizo, kwa haki, miaka thelathini.
Mhana alikuwa na athari nyingine,
haipimwi, na mtu hawezi kumwachia mwanawe.

Maji yalikuja alfajiri, mekundu, yamebeba vijiti.
Wanaume wazima walilia.
Siku ya arobaini na moja
paa likaanguka, kwenye kisima cha tatu.
Hakuumia mtu. Maji tu.
Hamdun hakusema "niliwaambia."
Alilifunga daftari kwa kamba, akaagiza mawe.

Mwaka jana binamu yangu alinitumia sauti ya siku ile:
mtu alirekodi kwa kaseti, kaseti ikaokoka.
Nikakaa jikoni, mlango nimeufunga.
Sauti yenye mafua.
Maneno manne.
Kimya cha sekunde tatu, si zaidi, na kikohozi ndani yake.
Nikairudisha nyuma mara tano nikikitafuta kile kitu.
Hakimo.
Basi kilikuwa wapi?
Labda kwetu sisi, tuliokauka midomo,
kila mmoja akimtilia tone lake bila kujijua
mpaka akajaa, akaonekana chemchemi.
Au labda nasema hivi kwa sababu nimezeeka
na naona haya kwamba nilipenda hivyo.

Hamdun alikuwa sahihi.
Naliandika hilo nisilisahau,
maana hulisahau.

Jana, pale Ibra, kwenye taa za barabarani,
mzee mmoja alishusha kioo cha gari
akaniita kwa jina langu la utotoni.
"Goti lako, limepona?"
Sikumbuki kama goti liliwahi kuniuma.
"Limepona," nikasema, "limepona kabisa,"
na mkono wangu, wenyewe,
ulikuwa unapapasa kiti cha pembeni
ukitafuta karai.